Laptop ya Mwalimu Nyamu

Mwalimu Misheck Nyamu alikutwa amelala kifudifudi kando ya jukwaa la kwaya, mkono mmoja chini ya tumbo, miwani yake imerukia chini ya benchi la sauti ya nne. Damu iliyomtoka nyuma ya sikio ilikuwa imeshakauka kwenye saruji.

Aliyemkuta ni Gladys, karani wa kanisa, alipokuja Jumatano asubuhi kufungua madirisha. Kelele alizopiga zilisikika hadi soko la Runyenjes.

Inspekta Karimi wa idara ya upelelezi alifika akiwa na viatu vizito kwa matope. Hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, akaviangalia viti, kinanda, meza. Kinanda kilikuwa kimesimama juu ya miguu ya chuma, na ncha ya mguu mmoja ilikuwa na doa jeusi lililonasa nywele mbili tatu za mvi. Juu ya meza kulikuwa na laptop iliyo wazi, kioo chake giza tupu.

"Mwizi, Madam," alisema Sajini Gitobu nyuma yake.

"Mwizi gani huyo anayeacha laptop?"

"Mwizi aliyeshtuka."

Karimi aliingia ndani. Alivaa glavu, akachutama kando ya maiti. Mifuko haikupekuliwa. Saa ilikuwa mkononi. Simu ilikuwa kwenye koti. Mlango haukuvunjwa, na nje mvua ya Jumanne alasiri ilikuwa imefuta kila unyayo.

Kufikia saa sita mchana Gitobu alikuwa amepata mtu wake. Vijana wa bodaboda walioegesha pikipiki njia panda walisema waliona gari dogo jeupe likitoka kanisani Jumanne alasiri, mbio, mvua ikianza kudondoka. Mwenye gari wanamjua: Hirsi, fundi wa kompyuta kutoka Meru mjini. Gitobu aliondoka na Landrova. Jioni akarudi na Hirsi nyuma, mikono imefungwa pingu.

Habari zikaenea upesi kuliko mvua. Watu wakaanza kujazana nje ya kituo cha polisi. Mmoja alipaza sauti kwamba mgeni ameua mwalimu wao. Mwingine akaokota jiwe, akaambiwa aliweke, akaliweka, lakini hakuondoka.

OCS, mkuu wa kituo, alimwita Karimi ofisini. "Ijumaa huyo anafikishwa mahakamani. Nisiwe na fujo hapa."

"Sina uhakika naye, bwana."

"Basi upate huo uhakika."

Karimi alitoka akiwa na kitu kinamkuna moyoni, mahali pasipofikiwa na mkono. Chai aliyowekewa mezani ilipoa bila kuguswa. Badala ya kwenda nyumbani, alienda kwa marehemu.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imejaa waombolezaji. Mjane, ambaye kila mtu alimwita Mama Njura, alikuwa ameketi katikati ya wanawake, macho makavu. Usiku wa Jumanne alikuwa amedhani mumewe amezuiwa na mvua. Kwaya ilikuwa inaimba nje, chini ya hema, ikiongozwa na msaidizi wa marehemu, Adrian Ndwiga, mwalimu wa sekondari mwenye sauti nene na mabega yaliyoinama kidogo. Baada ya nyimbo, Ndwiga ndiye aliyewabebea wazee viti.

Karimi alimvuta pembeni. "Jumanne alasiri ulikuwa wapi, Mwalimu?"

"Shuleni, Madam. Mpaka jioni."

"Marehemu alikuwa na adui?"

"Mwalimu Nyamu?" Ndwiga alitazama chini. "Amechukua kombe la tamasha la Meru mara tatu kwa nyimbo zake. Watu wote walimpenda."

Kesho yake majibu mawili yalifika. La kwanza lilitoka kwa daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti Embu: fuvu lilipasuka kwa kugonga chuma, na marehemu hakufa papo hapo. "Aliendelea kupumua kwa muda mrefu," daktari alisema kwenye simu. "Angefikishwa kwetu mapema, huenda tungekuwa tunaongea mambo mengine."

La pili lilitoka kwa mtaalamu wa kompyuta wa idara ya upelelezi huko Embu. Alikuwa amenakili diski yote ya laptop na kuirudisha. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, laptop ilizimwa Jumanne adhuhuri na haikufunguliwa tena na mtu yeyote.

"Basi kwa nini ilikuwa wazi mezani?" Karimi aliuliza.

"Hilo kumbukumbu hazisemi, Madam."

Akaagiza Hirsi aletwe.

Hirsi alikuwa mtu mrefu, ndevu zimechanganyika na mvi, shati limekunjamana kwa kulala sakafuni. Alikalishwa. Gitobu akasimama mlangoni.

"Jina."

"Hirsi Abdifatah."

"Jumanne ulifuata nini Runyenjes?"

"Nilimletea Mwalimu chaja. Nilimwekea diski mpya mwezi uliopita, chaja ikawa imebaki."

"Uliondoka mbio."

"Mvua ilikuwa inakuja, Madam. Ile barabara ya kanisa ni udongo mtupu na gari yangu ni ndogo. Ningelala hapo."

"Mligombana?"

"Alinilaumu nimechelewa. Huo si ugomvi. Mteja asiyelalamika bado sijampata."

"Ulimwacha anafanya nini?"

"Alikuwa anafunga mlango. Alisema anapanda sokoni mara moja, atarudi."

Karimi aliinuka, akazunguka meza, akaketi tena. Aliisogeza laptop mbele yake. "Paswadi ya hii unaijua?"

"Alinipa nilipoitengeneza."

"Ifungue."

Hirsi aliandika kwa vidole viwili, pingu zikigonga meza. Kioo kikawaka. Karimi aliegemea mbele kutazama, na macho yake yakaenda kwenye pembe ya chini, palipoandikwa saa. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano asubuhi kamili. Laptop ilisema ni saa mbili.

"Hii saa ni mbovu?"

Hirsi alikunja uso. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe alionekana kusahau kwamba amekamatwa. "Wallahi, hii niliiweka mimi mwenyewe, na betri yake ndogo ni mpya." Akatazama ile ya ukutani. "Tofauti ni saa tatu kamili. Madam, kuna mtu ameiwasha hii kwa flashi."

"Fafanua."

"Laptop ina saa yake ndani, kwenye ubao. Windows ikiamka, inaamini hiyo ni saa ya hapa kwetu. Lakini kuna mfumo mwingine, Linux, unaoweza kuuweka kwenye flashi ukawashia laptop yoyote. Huo unaamini saa ya ndani ni ya Greenwich. Ukiingia mtandaoni unairekebisha kwa imani yake. Ukichomoa flashi na kurudi kwa Windows, unakuta saa imerudi nyuma saa tatu, kwa sababu sisi na Greenwich tumepishana saa tatu."

"Mtaalamu wetu anasema hakuna aliyeifungua."

"Ni kweli. Windows haikuamshwa. Ni kama nyumba yenye mlinzi aliyelala. Mtu amepitia jikoni, amechukua alichotaka, ametoka. Mlinzi akiulizwa, atasema hakuona mtu, na hasemi uongo."

"Na faili za Mwalimu, angeziona bila paswadi?"

"Zote. Paswadi ni ya Windows. Diski yenyewe haikufungwa."

Gitobu alicheka kwa pua. "Anajichimbia kaburi. Fundi wa mambo haya si yeye?"

Hirsi alimgeukia bila hasira. "Sajini, umeniona nikiifungua sasa hivi. Mimi ufunguo wa mlango ninao. Ningepitia dirishani kutafuta nini?"

Karimi alikuwa ameshasimama tena, anatembea kutoka dirishani hadi kabatini. Amesema ikiingia mtandaoni, aliwaza. Mtandao gani?

Alimpigia mtaalamu wa Embu, akamsomea maelezo ya Hirsi neno kwa neno. Akasikia pumzi ndefu. "Ni sahihi, Madam. Nilipaswa kuitazama hiyo saa."

Kanisani, Gladys alimfungulia ofisi. Ruta ya Wi-Fi ilikuwa juu ya kabati, taa zake zikipepesa. Gladys alikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio yake, na kwenye simu yake wakaiona orodha ya vifaa vilivyounganishwa Jumanne. Laptop ya Mwalimu ilikuwapo asubuhi kwa jina lake la kawaida, NYAMU. Ilikuwapo tena baada ya saa kumi jioni, namba yake ya kifaa ileile, lakini jina jingine kabisa. Ilikuwa kama mtu aliyetoka amevaa koti la jirani.

Kwa rekodi za kampuni ya simu, saa hiyo ya Jumanne simu ya Hirsi ilikuwa imenaswa na mnara wa Chuka, njiani kurudi Meru. Karimi alishusha pumzi, lakini ule mkuno moyoni haukuisha. Ulizidi.

"Paswadi ya Wi-Fi inajulikana na nani?"

"Zamani kwaya yote," Gladys alisema. "Vijana wakawa wanajazana ukutani kutazama mpira. Mwalimu akaibadilisha Jumanne adhuhuri. Akanipigia simu akanitajia."

"Ulimpa nani?"

"Hakuna, Madam. Hata mume wangu sikumpa. Nilikuwa Meru kwa dadangu, nikarudi usiku."

"Nionyeshe."

Gladys alimgeuzia simu: slsmdrm.

Karimi aliisoma mara moja, akaisoma tena, midomo ikicheza. Alikuwa amekulia Nkubu, na kwaya ya shule ilikuwa imempiga solfa mpaka zikamkaa kwenye mifupa. "Hizi ni noti. So, la, so, mi…"

"Ndivyo alivyokuwa akiweka paswadi zake. Mwanzo wa wimbo anaoupenda wakati huo. Ile ya zamani ilikuwa wimbo wetu wa Krismasi."

"Na huu ni upi?"

Gladys alijaribu kuimba polepole, akatikisa kichwa. "Huu siujui. Labda ni ule mpya wa tamasha. Alisema atatufundisha Jumamosi. Alikuwa hajamwonyesha mtu."

Karimi alitoka nje, akasimama penye mabaki ya mvua. Mtu aliingia kwenye Wi-Fi ya kanisa bila kuambiwa paswadi. Aliikisia. Na ili aikisie ilibidi ajue wimbo ambao hakuna aliyefundishwa.

Akampigia Gitobu. "Muulize Hirsi flashi za namna hiyo ametengenezea nani upande huu."

Jibu lilirudi kabla hajafika kwenye gari. Shule moja ya sekondari juu ya Runyenjes ilipewa msaada wa kompyuta kuukuu zisizo na diski, na wanafunzi huziwasha kwa flashi. Mwalimu aliyekwenda Meru kuzichukua alikuwa kijana mpole. Huimba.

"Jina lake?"

"Anasema Ndwiga."

Walimkuta kwenye chumba cha kompyuta, peke yake, wanafunzi wakiwa kwenye chakula. Nje ya dirisha mashamba ya chai yalishuka bondeni kama zulia lililolowa. Adrian Ndwiga alikuwa anachomeka flashi kwenye mashine kongwe. Aliwaona, akachomoa mkono polepole.

"Karibuni, Madam."

"Asante, Mwalimu. Sitakaa." Karimi alivuta kiti, lakini kweli hakuketi. "Kuna noti zimenishinda. Nimeambiwa wewe ni mjuzi. Nisaidie."

Akaimba. So, la, so, mi. Kisha akarusha do juu, kwa makusudi au kwa kutojua, mwenyewe baadaye hakuweza kusema, na kushuka kwa re na mi kwa mwendo uliolingana, kama mtoto anayesoma herufi.

Uso wa Ndwiga ulikunjamana kama wa mtu aliyekanyagwa kidole.

"Do ni ya chini," alisema. "Na hiyo mi ya mwisho inavutwa." Akaimba mwenyewe kidogo, na ile sauti nene ikajaza chumba. "Hivi."

Kisha akanyamaza.

Gitobu alisogea mlangoni. Mashine kongwe ilikuwa inavuma peke yake.

"Wimbo mzuri," Karimi alisema. "Gladys haujui. Kwaya haiujui. Ndiyo paswadi ya Wi-Fi ya kanisa tangu Jumanne adhuhuri, na baada ya saa kumi mtu aliiandika bila kutajiwa. Wewe umeujua wapi?"

Ndwiga alikalia ukingo wa meza.

"Una haki ya kunyamaza," Karimi alimwambia. "Una haki ya wakili. Lolote utakalosema linaweza kutumiwa mahakamani. Na ukitaka kuungama, utaandikiwa na afisa mwingine, si mimi. Umenielewa?"

"Nimeelewa." Alijipangusa mdomo kwa kiganja. "Nimekaa siku mbili nikibeba viti kwa mjane wake, Madam. Afadhali niseme. Huo wimbo ni wangu."

Gitobu alifungua mdomo, Karimi akamzuia kwa mkono.

"Wote ni wangu. Zile nyimbo za makombe. Mimi nina sauti zinazonijia, lakini kupanga sauti nne siwezi. Nilikuwa namwimbia, yeye anarekodi kwenye laptop, anapanga. Karatasi ikitoka imeandikwa mtunzi ni M. Nyamu. Nikasema, ni mwalimu wangu, amenilea kwenye kwaya, acha."

"Na huu?"

"Huu nilimtungia mama yangu alipokuwa anaugua. Mwalimu alikuja nyumbani na laptop, akaturekodi tukiimba pamoja, mama akiwa kitandani. Baada ya wiki chache mama akatutoka. Sina sauti yake mahali pengine. Hata kwenye simu. Nilimwomba Mwalimu ile rekodi. Akasema anaitafuta. Nikaomba tena. Akasema ilipotea diski ilipobadilishwa. Halafu nikasikia ameupeleka wimbo kwenye tamasha kwa jina lake. Nikajua kwa nini rekodi imepotea."

"Ukaenda kuichukua."

"Nilimwona anapanda sokoni. Ufunguo wa chumba cha kwaya ninao. Paswadi ya laptop sikuwa nayo, nikawasha kwa flashi ya shule. Niliipata rekodi. Haikuwa imepotea, Madam. Ilikuwa kwenye faili lenye jina la mama yangu."

"Kwa nini mtandao?"

"Flashi ilikataa kuandikwa kitu, na waya wa simu sikuwa nao. Nikataka kujitumia kwa barua pepe. Paswadi ya zamani ikakataa. Nikajua ameweka mwanzo wa wimbo fulani. Nikajaribu wangu. Ikakubali." Alicheka bila furaha. "Hapo ndipo moyo uliponichafuka. Alikuwa amefungia vijana mlango kwa wimbo wa mama yangu. Na ndipo akaingia."

"Akasema nini?"

"Alisema mimi ni mwizi."

Kengele ya shule ililia. Miguu ya wanafunzi ikaanza kusikika ukumbini. Gitobu alifunga mlango.

"Aliishika laptop, nami nikaishika. Nilimsukuma. Sikumpiga. Alikanyaga vibaya kwenye ukingo wa jukwaa, akaanguka kwenye kinanda."

"Akafa?"

Ndwiga aligeukia dirisha.

"Mwalimu Ndwiga. Ulipotoka pale, alikuwa anapumua?"

Ndwiga alifunga macho.

"Alikuwa anapumua," alisema. "Alikuwa anakoroma kama mtu aliyelala. Nilisubiri barua iondoke. Nikazima laptop. Nikachomoa flashi. Nikafunga mlango." Akaangalia viganja vyake. "Hospitali ilikuwa karibu. Naijua. Ndiko mama alikolazwa."

Alitoa mikono mwenyewe. Gitobu alimfunga pingu.

Alasiri, afisa mkuu kutoka Embu aliandika maungamo. Ilibidi kielelezo kitambuliwe, hivyo simu ya Ndwiga ikawekwa mezani na barua pepe ikafunguliwa. Ilikuwa bado haijasomwa.

"Hukuisikiliza?" Karimi alimwuliza.

"Sikuweza."

Rekodi ilianza kwa kikohozi. Sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, ikaanza kuimba, ikakosea, ikacheka. "Mwana wakwa, mwanangu, tuanze tena." Sauti nene ikaungana nayo. Waliimba beti mbili. Kisha, karibu na kinasa sauti, akazungumza mtu wa tatu, taratibu, kama asemaye na mtu anayempenda: "Ndwiga, huu ni wako na mama yako. Usimwachie mtu."

Karimi alimtambua kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuwa. Ndwiga aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza.

"Tambua sauti," afisa mkuu alisema, kalamu mkononi.

"Ya kwanza ni ya mama yangu," Ndwiga alisema, uso ukiwa bado chini. "Ya pili ni yangu. Ya tatu ni ya Mwalimu."

Hirsi aliachiliwa. Gitobu alimrudishia mkanda na kamba za viatu, akasimama akikunakuna shingo, hatimaye akasema atamsindikiza hadi gari lake, watu wasije wakamsumbua. "Twende," Hirsi alisema. "Lakini wewe ndiye utaeleza, si mimi." Na Gitobu alieleza, pale nje, kwa sauti kubwa, kwa wale waliokuwa wamebaki.

Karimi alikwenda kwa Mama Njura mwenyewe. Habari kama hiyo haipelekwi kwa simu. Mjane alikuwa jikoni, amesimama tu, wanawake wengine wakimenya ndizi. Walipomwona Inspekta walitoka mmoja mmoja.

Alimweleza yote. Hakuficha kupumua, hakuficha wimbo. Mama Njura alisikiliza akishikilia ukingo wa meza. Alipotajiwa jina la Ndwiga, mkono mmoja ulipanda mdomoni ukabaki hapo.

"Amekuwa akinibebea maji," alisema mwishowe. "Jana. Leo asubuhi."

"Najua, mama."

"Na huo wimbo. Kwaya wamepata karatasi zake kabatini. Wamesema watamzika nao Jumamosi."

Mama Njura alikuwa anatazama nje, kwenye hema, ambako Gladys alikuwa anagawa karatasi.

"Misheck alipokuwa akitunga alikuwa anagonga meza," mjane alisema. "Hii hapa. Usiku mzima, hatulali. Miaka mingi sasa hajaigonga. Nilijua, mwanangu. Nilikuwa nasikia makofi ya tamasha na najua, na sikumwuliza."

Alijifuta mikono kwenye leso yake ingawa haikuwa na maji, akatoka hadi hemani. Karimi alimwona akimnong'oneza Gladys, na Gladys akaanza kuzikusanya karatasi, moja baada ya nyingine, kutoka mikononi mwa waimbaji walioduwaa.

"Lete vitabu vya nyimbo," Mama Njura alisema, sasa kwa sauti ya kusikika. "Tutamwimbia ya kitabuni."